"Dawa ya Kuyeyushia Dhahabu": Uhakiki wa Istilahi kwa Kurejelea Bandari ya Bujumbura

Bandari ya Bujumbura hupokea shehena zinazovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na Mpulungu. Hapo Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili hukutana juu ya mzigo mmoja. Makala haya yanahakiki kauli "dawa ya kuyeyushia dhahabu" na kuonyesha kwamba kasoro yake ni ya kisayansi na ya kiusalama pia.

Kasoro ya kwanza imo katika kitenzi. Dhahabu huyeyuka kwa joto la nyuzi 1064 za Selsiasi. Lakini katika mmumunyo wa amonia na thiosalfeti wenye shaba, dhahabu hutoka kwenye mawe yaliyosagwa kwa joto la kawaida. Tukio hilo ni la kielektrokemia: atomu ya dhahabu hupoteza elektroni, ioni ya shaba huipokea, na thiosalfeti huishika ioni ya dhahabu isirudi kuwa metali. Amonia huiweka shaba katika hali ya kuendelea na kazi hiyo. Inaweza kutetewa kwamba wasemaji husema sukari "imeyeyuka" katika chai. Hata hivyo, chai ikikaushwa sukari hubaki sukari. Dhahabu hairudi kuwa metali mpaka irudishiwe elektroni. Hivyo hata "kumumunyisha", kitenzi kilicho afadhali, hakijitoshelezi bila istilahi "oksidisho".

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo imo katika nomino. "Dawa" huweza kufunika zebaki, sianidi ya sodiamu na amonia kwa pamoja, ilhali hatari zake hazifanani. Zebaki hunasa dhahabu na mvuke wake hudhuru neva. Sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi ya kuua. Amonia huunguza macho na mapafu. Orodha ya Umoja wa Mataifa huzitenga kwa namba: 2809, 1689, na 2672 kwa mmumunyo wa amonia wa asilimia 10 hadi 35. Mpakuzi anayeambiwa "dawa" tu hajui akimbilie maji, aukimbie upepo, au auache mzigo palepale.

Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hadhi hiyo inadai wajibu. Hati za shehena za Kiswahili zitaje jina la kemikali, namba yake na hatari yake. Na wanaistilahi wakae na wanakemia na wapakuzi kabla ya kusanifisha neno. Neno "dawa" libaki kwa kinachoponya.