«Congo» ya Van Reybrouck: sauti ya wazee iko wapi?

Kuna kitabu tunakisifu sana: «Congo» ya David Van Reybrouck. Kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 2010, na tafsiri yake ya Kifaransa ikapata zawadi ya Médicis essai mwaka 2012. Mimi pia nakisifu. Badala ya kutuelezea marais na majenerali tu, alienda kuketi na watu wa kawaida. Mwaka 2008, kule Kinshasa, alikutana na muzee Étienne Nkasi, aliyesema alizaliwa 1882. Hata ukiwa na mashaka juu ya umri ule, muzee alieleza ukoloni kama mtu aliyeuishi, si kama mwalimu wa historia.

Lakini niko na lawama moja. Muzee anasema mistari michache, kisha mwandishi anaendesha kurasa. Mazungumzo yenyewe, namna yalivyotoka kinywani, hayamo kitabuni. Tunakula matunda, mti ulibaki kwa mwenyewe.

Linganisha na Johannes Fabian. Mwaka 1974, Lubumbashi, alirekodi mazungumzo na Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yetu kwa picha karibu 100. Kitabu kilitoka 1996 kwa Kiingereza, lakini maneno ya Tshibumba, kwa Kiswahili cha kwao, yaliwekwa kwenye intaneti. Unaweza kuyasoma wewe mwenyewe, na hata kukatala vile Fabian aliyaelewa. Hiyo njo heshima.

Sasa turudi kwetu. Wakati wa mémoire nilifanya anketi upande wa Beni. Fomu yangu iliuliza: hekta ngapi, mbegu gani, ndiyo ao hapana. Mama muzee mmoja akaanza kunieleza vile ugonjwa ulikausha kawa yao yote, na namna walilisha watoto mwaka ule. Nikamukatiza: «Mama, nijibu tu ndiyo ao hapana.» Mémoire ilipita vizuri. Nyuma, kijiji chake kikahama juu ya mauaji. Ile fomu ningali nayo. Kwa mstari wake kuna «hapana» tatu na «ndiyo» mbili, basi.

Kwa hiyo lawama ya Van Reybrouck inanirudia mimi. Yeye alikata maneno ya muzee. Mimi sikuyapokea hata kidogo. Na tangu Oktoba 2014 watu wa Mbau, Oicha na Eringeti wanakimbia na kuzika. Ebola ya 2018 mpaka 2020 ikatuongezea vilio, Beni na Butembo. Ripoti ziko na hesabu ya wafu. Namna waliishi, nani ataieleza?

Ila tusikimbilie kubonyeza telefoni. Huku kwetu, sauti inayotaja muuaji ao mpaka wa shamba inaweza kumuletea mtu hatari. Kwanza omba ruhusa. Mwambie nani atasikiliza. Aamue mwenyewe kama jina lake litatajwa, na nakala moja ibaki kwake ao kwa watoto wake. Kisha nyamaza, usikilize.

Van Reybrouck alitoka Ubelgiji kuja kuuliza. Sisi tunakula nao sahani moja, telefoni mukononi. Muzee wa kwenu, utamuuliza nini kwanza? Na utamuacha amalize?