Omba Kumwona Upande wa Kulia Kwanza

Muuzaji akikutolea poni wa miaka minne, akamfunga kamba ndefu na kuanza kumzungusha, mara nyingi ataanzia kushoto. Si hila kila mara. Farasi huvalishwa hatamu, hutandikwa na kupandwa kutoka kushoto, na saisi naye humwongoza akitembea kando ya bega la upande huohuo. Tangu alipokuwa mtoto, binadamu wote wamemjia kwa jicho lile moja. Basi akizungushwa kushoto huenda kama maji. Niliwahi kutoa pesa nzuri kwa ajili ya dakika tano za namna hiyo, nikafika nyumbani na mnyama ambaye ukimgeuza kulia anasimama, anakukazia macho kana kwamba umemtukania mama. Siku hizi naomba kulia kwanza.

Mgeni huangalia kichwa na manyoya ya shingo. Wewe angalia kwato za nyuma. Poni anayezunguka sawasawa hukanyaga kwa ukwato wa nyuma pale ukwato wa mbele wa upande uleule ulipoacha alama, au akaipita kidogo, na mwili wake unapinda kiasi tu cha kulifuata duara. Aliyelelewa upande mmoja huharibu kwa njia mbili. Upande wake mgumu humlaza bega ndani kama pikipiki inayokata kona, uso ukitazama nje. Duara linazidi kuwa dogo na kamba inalegea mpaka chini. Upande wa pili shingo inapinda kupita kiasi, bega la nje linatoroka na kamba inakaza. Hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, wakasema, “Tazama alivyo laini!” Laini ni shingo tu. Miguu imeshakwenda njia yake.

Kisha sikiliza. Katika mchakamchaka miguu hutua miwilimiwili kwa mshazari, kwa hiyo sikio linapaswa kusikia mapigo mawili yaliyo sawa, kama mtu anayetwanga bila kuchoka. Mapigo yakiwa sawa kushoto na yakavunjika kulia, usikimbilie kulaumu mafunzo. Kilema cha mguu wa mbele mara nyingi hujitokeza zaidi mguu huo unapokuwa ndani ya duara, hasa penye ardhi ngumu. Huyo anahitaji daktari wa mifugo, na anayemwongezea mjeledi ni mjinga.

Sasa mgeukie mfunzaji, kwa maana nusu ya upinde wa poni ni wake. Akizungusha kushoto, kamba iko mkono wa kushoto na mjeledi uko wa kulia. Akigeuza, mikono hubadilishana kazi. Watu wengi hutumia zaidi mkono wa kulia, kwa hiyo wakigeuka mjeledi unawapwaya, kamba inawatatiza, nao bila kujua wanatangulia mbele ya bega la poni na kumzuia. Kisha wanasema poni hapendi kulia! Mfunzaji mzuri hukaa mkabala na mbavu za mnyama: kamba inakwenda kichwani, mjeledi unaelekea nyuma, yeye ni pembe ya tatu ya pembetatu hiyo. Nimewahi kumwona saisi mmoja Langata akifanya mazoezi ya kukunja na kukunjua kamba kwa mkono wa kushoto peke yake, bila farasi. Wenzake walimcheka. Poni wake walikuwa sawa pande zote mbili.

Uliza pia upande mgumu unafanyiwa kazi vipi. Ukiambiwa, “Tunamzungusha kulia tu mpaka azoee,” shika njia yako. Misuli iliyochoka haijifunzi. Hutafuta mahali pa kuegemea. Mwenye ufundi huanza kwa upande mwepesi, akahamia mgumu kwa mizunguko michache ya kutembea, akarudi, akahamia tena. Upande mgumu unapewa zamu nyingi zaidi, ila fupi. Duara liwe pana, mita 15 hadi 20 kutoka ukingo hadi ukingo, na kazi yote iishe ndani ya robo saa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini mifupa ya poni si samaki: ya uti wa mgongo huendelea kukomaa hadi miaka mitano, sita hivi, na duara dogo la kila siku huitesa. Shoti isubiri mpaka mchakamchaka utulie pande zote.

Dawa iliyo bora kuliko zote haigharimu kitu: mwongoze kutoka kulia kila siku, kutoka bandani hadi malishoni. Watu wa Lamu hawapakii shogi la punda upande mmoja wakatarajia atembee wima. Sioni kwa nini poni atarajiwe kwenda wima ilhali ameshikwa kutoka upande mmoja maisha yake yote.

Kuna jambo moja ambalo sina subira nalo kabisa, nalo ni hatamu za pembeni zilizofungwa fupi. Humfanya poni mchanga aonekane amekomaa, kichwa chini, shingo duara, na kumbe zinaficha yaleyale unayotaka kuyaona. Omba zifunguliwe. Mwenye kukataa ameshakujibu.

Mwisho, kabla ya kila upande, omba mchanga usawazishwe kwa reki, na poni akiumaliza nenda ukatazame alama. Duara la kushoto hata mimi naweza kulipata kwa mnyama yeyote mtulivu. La kulia likiwa na umbo la yai, punguza bei au rudi nyumbani.