Mkutubi na Istilahi za Sayansi: Maoni Kutoka Magomeni, Mtwara

Mara nyingi tumejadili namna istilahi zinavyoundwa na kusanifiwa. Ni mara chache tumejiuliza istilahi hizo zikishachapishwa humfikia nani, na kwa mkono wa nani. Makala haya yanamhusu mtu ambaye kazi yake haijatiliwa maanani vya kutosha, yaani mkutubi wa chuo, hasa yule awahudumiaye wanafunzi wa sayansi na uhandisi.

Tuchukue mfano wa Magomeni, kata iliyomo katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Kijana wa hapo amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, pengine nyumbani husikia Kimakonde, na alipoingia sekondari akafundishwa kwa Kiingereza. Amekua akisikia habari za gesi, ambayo iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, si mbali na mlango wa mto Ruvuma, na ambayo bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Maneno gesi asilia, bomba, kisima na mtambo si mageni kwake. Matatizo yanaanza pale anapojiunga na chuo, akaingia maktaba na kuuliza kitabu kuhusu "presha ya gesi".

Jambo hili tulilishuhudia katika maktaba moja ya mkoa huo. Mhudumu, kwa nia njema kabisa, alifungua orodha ya istilahi aliyokuwa nayo mezani. Orodha ilikuwa imepangwa kwa alfabeti ya Kiingereza, na neno la Kiingereza hakulikumbuka. Akakumbuka shinikizo, kwa sababu ya shinikizo la damu, akamwelekeza kijana kwenye rafu hiyo. Kijana akarudi na kitabu cha maradhi ya moyo. Sisi tulicheka, yeye hakucheka, maana alikuwa na zoezi la kukabidhi kesho yake.

Katika mpango wa Dewey, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876 na ambao ungali ukitumika katika maktaba nyingi, ugonjwa wa shinikizo la damu umewekwa 616.132. Mekanika ya gesi imo 533, uchimbaji umo 622, na teknolojia ya gesi asilia imo 665.7. Swali moja la mtaani, basi, lina milango kadhaa. Wataalamu wa fizikia wametupatia istilahi kanieneo, ambayo kwa maoni yetu ni miongoni mwa zile zilizofanikiwa sana: ni kani iliyogawanywa kwa eneo, na mwanafunzi akilichambua neno lenyewe amekwisha ipata kanuni. Lakini neno hilo lina faida gani ikiwa halimo katika katalogi wala kinywani mwa mkutubi?

Lawama yetu ya kwanza tunaielekeza kwetu sisi wenyewe tunaoshughulika na istilahi. Orodha za *Tafsiri Sanifu*, zilizoanza kutolewa na Baraza mwaka 1974, na kamusi ya ufundi ya Rajmund Ohly ya mwaka 1987, zote zinaanzia Kiingereza na kuishia Kiswahili. Mpangilio huo unamfaa mfasiri mwenye matini ya Kiingereza mbele yake. Haumfai mtu mwenye neno la Kiswahili anayetafuta elimu iliyoandikwa kwa Kiingereza, na huyo ndiye mteja mkubwa wa maktaba zetu. Wako watakaosema kwamba siku hizi kompyuta imelimaliza tatizo hilo. Hatukubaliani nao. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ina nafasi ya wasomaji wengi kwa wakati mmoja, nasi tunajivunia hilo. Hata hivyo kompyuta haijui kwamba presha na kanieneo huweza kuwa kitu kimoja mpaka pawepo mtu wa kuiambia.

Mtu huyo ni mkutubi. Mkutubi mmoja wa makamo, baada ya kuamkiwa "Shikamoo mama" na mwanafunzi aliyekuja na swali la aina hiyo hiyo, aliitika "Marahaba mwanangu", kisha akauliza: "Gesi iliyo ndani ya bomba, au iliyo chini ya ardhi?" Kwa swali hilo alikwisha fundisha. Mwanafunzi alilazimika kuitenganisha dhana kabla ya kukishika kitabu. Ndiyo maana hatulipendi jina mtunza maktaba, linalomfanya mtu huyu aonekane kama mlinzi wa ghala. Wala haturidhiki na ujuzi wa habari kuwa jina la somo analofundisha, la kutafuta, kupima na kutumia maandishi ya kitaalamu. Kwa msemaji wa kawaida habari ni ya redio na gazeti. Stadi za maktaba ni finyu kidogo, lakini angalau halipotoshi.

Tunapendekeza kila orodha mpya iwe na faharasa ya Kiswahili kwa Kiingereza, na kando ya kila istilahi iandikwe namba ya rafu. Wakutubi nao waitwe katika kamati za kusanifu, si kwa kupokea tu. Mtwara ni nchi ya korosho, na mkulima wa huko hasemi kwamba anazisindika, anazibangua. Kusindika ni neno la jumla. Kubangua ni tendo mahususi la kulivunja ganda bila kuiharibu punje, na ndilo hasa fundi anayebuni mashine hutaka kulisoma. Katika katalogi tuliyoikagua vitabu vyote vya namna hiyo vilikuwa chini ya usindikaji. Mkutubi alikuwa ameandika kwa kalamu, pembeni mwa kadi: "tazama pia ubanguaji".