Saisi na Farasi Aliyeokolewa

Katika nchi ambazo kwa karne nyingi farasi alivuta plau, mikokoteni na magari ya abiria, hasa Uingereza, kazi ya saisi, yaani mtu anayemlisha, kumsafisha na kumwangalia farasi kila siku, ilikuwa elimu ya kurithishana mazizini, nayo ilianza kupukutika pale gari lilipomwondoa farasi barabarani na trekta lilipomwondoa shambani. Farasi mwenyewe hakutoweka, kwani amebaki kuwa mnyama wa mashindano, wa matembezi na wa fahari. Waliopungua ni watu wanaojua kumsoma kwa macho na kwa viganja. Pengo hilo huonekana zaidi kwa farasi aliyeokolewa, yaani yule aliyeondolewa kwa mwenyewe aliyemtelekeza au kumtesa, akahifadhiwa kituoni kwa muda, kisha akakabidhiwa mlezi mpya. Wengi humpokea kwa huruma, na huruma ni jambo jema, lakini huruma isiyo na ustadi yaweza kumuua mnyama huyo ndani ya juma moja.

Farasi aliyekondeana kwa njaa ya muda mrefu huishi kwa kuula mwili wake, mafuta kwanza, kisha misuli, huku akiba ya madini mwilini ikipungua. Mlezi asiyejua hujaza nafaka horini akidhani anamlipa deni la miezi yote ya njaa, kumbe wanga wa nafaka huamsha insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu ndani ya seli, na sukari hiyo huandamana na fosfeti, potasiamu na magnesi, hata damu ikapungukiwa na madini ambayo moyo na pumzi huyategemea. Kwa hiyo mnyama aliyestahimili njaa hufa siku chache baada ya kuanza kushiba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis, baada ya kulinganisha vyakula mbalimbali, walipendekeza lusani, jani la jamii ya kunde lenye protini nyingi na wanga kidogo, kiasi cha nusu kilo hivi kila baada ya saa nne katika siku za mwanzo, kisha kiongezwe kidogo kidogo. Kuamka usiku wa manane kwa ajili ya fungu dogo la majani makavu, na kumnyima zaidi mnyama anayegonga ukuta wa banda akidai, ni kazi ngumu kuliko kutoa kwa ukarimu, na ndiyo inayomtofautisha saisi na mfadhili. Mwaka 1983 Don Henneke na wenzake huko Texas walichapisha kipimo cha 1 hadi 9 cha kukadiria unono wa farasi, lakini hata kipimo hicho hutegemea kiganja kinachopapasa mbavu, kwa kuwa manyoya marefu ya majira ya baridi huficha mifupa machoni mwa anayetazama kwa mbali.

Hakuna sehemu ya ustadi huu inayostahili sifa kuliko utunzaji wa kwato. Ukuta wa ukwato huota kuanzia ukingo wa manyoya na kushuka milimita 8 hadi 10 hivi kila mwezi, hivyo ncha inayogusa ardhi leo ilianza kuota karibu mwaka mmoja uliopita. Njaa, homa na mabadiliko ya ghafla ya chakula huacha miviringo juu ya ukuta huo, na mchonga kwato hodari, akipitisha kidole gumba kutoka juu kwenda chini, huweza kukisia ni miezi mingapi imepita tangu mnyama alipoumia. Kwato zilizoachwa mpaka zikapinda kuelekea juu hazinyooshwi kwa siku moja, kwa sababu mifupa na kano zimekwisha kuzoea upogo, bali hupunguzwa kidogo kila baada ya majuma sita hadi manane, huku ukwato mpya ukishuka na kuusukuma ule wa mateso mpaka uishe kwa kukatwa. Kabla ya hapo farasi hana budi kukubali kuinuliwa mguu, na kwa mnyama ambaye kinga yake kuu ni mbio, kumwachia binadamu mguu ni kuusalimisha uhai wake. Ridhaa hiyo huchumwa kwa majuma ya kumgusa bega, kisha goti, kisha kifundo, pasipo sauti ya ukali.

Wajibu mwingine haukosi uzito: meno yanayoota maishani na kuchongoka kingo hupigwa tupa kila mwaka, mwenzake wa jamii yake hutafutwa kwa sababu upweke humdhoofisha, na maumivu ya tumbo huchunguzwa upesi kwa kuwa farasi hawezi kutapika.

Katika historia ya uokoaji huo, jina la Dorothy Brooke halina budi kutajwa. Alipofika Cairo mwaka 1930 alikuta farasi wa jeshi la Uingereza waliouzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza bado wakivuta mizigo mitaani, wazee na wengine vipofu, na baada ya kuwaandikia wasomaji wa gazeti moja la London mwaka 1931 alipata fedha za kuwanunua wapatao 5,000. Wengi walikuwa wamechakaa kupita kiasi cha kupona, hivyo walipewa chakula na mapumziko ya siku chache, kisha wakauawa bila maumivu. Hospitali aliyoianzisha Cairo mwaka 1934 ingali inatibu farasi na punda, na moyo huohuo unaonekana Lamu, ambako tangu mwaka 1987 punda wanatibiwa bure katika mji unaobebewa mizigo yake na wanyama hao.

Uamuzi huo wa Brooke, wa kumuua bila maumivu farasi asiyeweza kupona, ndio unaokwepwa sana siku hizi. Farasi huweza kuishi miaka 25 hadi 30, na anayechukuliwa akiwa na miaka kumi huhitaji mlezi kwa muda wa kumlea mtoto hadi utu uzima. Ndiyo maana baadhi ya vituo vya Uingereza hubaki kuwa wamiliki, vikimkabidhi mlezi kwa mkataba na kumkagua. Nje ya mikataba hiyo, wapo wanaompenda maadamu anapandika, na viungo vikikakamaa humpeleka mnadani badala ya kumwita daktari wa mifugo, wakijiambia kuwa atapata nyumba njema, naye huuzwa kwa bei ndogo kila mara, kwa wanunuzi ambao hawajui hata namna ya kumwinua mguu.