Chimay Bleue Mezani pa Babu

Mwalimu wetu wa uhakiki alitupa kazi iliyoleta vicheko darasani: tuhakiki kitu ambacho hakisomwi. Mmoja alichagua kitenge, mwingine mahubiri ya redioni, mwingine sambusa za mama anayeuza langoni. Mimi nilichagua bia. Vicheko vikazidi. Mwalimu hakucheka. Alisema tu kwamba atakayemwandikia "ilikuwa tamu sana" atapata sifuri, maana mtu wa namna hiyo hajaonja, amemeza.

Nilikuwa na sababu yangu. Hapa Bukavu Kiswahili tunakizungumza tangu utotoni. Bia tunaiagiza kwa Kiswahili, tunalewa kwa Kiswahili, tunagombana kwa Kiswahili. Ila mtu akitaka kuisifu kwa maneno ya ujuzi, ghafla anahamia Kifaransa. Mwenzangu mmoja aliniambia waziwazi kwamba Kiswahili hakina ulimi wa kazi hiyo: kina tamu, chungu, kali na chachu, basi. Kama asemayo ni kweli, miaka mitatu niliyoitumia katika idara hii nimejifunza lugha yenye kinywa kisichoonja. Nilitaka kujua.

Shangazi yangu anaishi Liège. Alipokuja kumsalimia baba yake, yaani babu yangu, alibeba chupa mbili za Chimay Bleue, amezifunga ndani ya sweta. Ni bia nyeusi, chupa ya sentilita 33, kilevi asilimia 9, karibu mara mbili ya Primus yetu. Hupikwa ndani ya abasia ya Scourmont, kusini mwa Ubelgiji karibu na mpaka wa Ufaransa, chini ya wamonaki Watrapisti. Abasia ilianzishwa mwaka 1850, na kiwanda chake cha bia mwaka 1862. Hii ya buluu ilitoka kwanza mwaka 1948 kama bia ya Krismasi, ikapendwa, ikawa ya mwaka mzima. Siku hizi, kuanzia Kanada hadi Japani, kuna wapishi wadogo wa bia wanaojaribu kutengeneza bia nzito na nyeusi "ya Kibelgiji", na mfano wanaouangalia mara nyingi ni huu, au dada zake wa Rochefort na Westvleteren. Kwa hiyo nilikuwa mbele ya andiko lenyewe, si nakala. Niseme pia kwamba si kila chupa iliyochorwa mmonaki mnene anayetabasamu ni ya Watrapisti. Tangu mwaka 1997 wana chama chao na alama yao yenye pembe sita: bia sharti ipikwe ndani ya eneo la monasteri, wamonaki waisimamie, na mapato yaitunze nyumba yao, yanayobaki yaende kwenye kazi za huruma.

Ushauri ni kuinywa ikiwa na nyuzi 10 hadi 12, katika glasi pana yenye mguu, mfano wa kikombe cha misa. Glasi hiyo hatukuwa nayo, na friji ilikuwa imelala kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda tangu asubuhi. Niliiweka chupa ndani ya beseni la maji, ubaridi wa jioni ya Bukavu ukafanya yaliyobaki. Nadhani tulibahatika, kwani bia ya aina hii ikiwa baridi kama barafu hufunga mdomo, haisemi lolote. Mimi na shangazi tulitumia glasi za chai. Babu alichukua kikombe chake cha bati, wala hakutaka mjadala.

"Nyeusi" ni neno la haraka. Nilipoisogeza glasi kwenye mshumaa niliona hudhurungi yenye wekundu pembeni, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Povu lilikuwa zito, rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, likashuka polepole huku likiacha alama kwenye kioo. Chini ya chupa palikuwa na mashapo. Bia hii hutiwa chupani pamoja na chachu na sukari kidogo, hivyo huendelea kuchacha humo humo, na mashapo ni masalia ya kazi hiyo. Shangazi alitaka yaachwe chupani. Babu aliyadai yote. Kwake yeye kinywaji kisicho na mashapo kimeibwa sehemu.

Sasa harufu, ambapo ndipo kesi yangu ilipoanza kusikilizwa. Maelezo ya Kifaransa niliyoyasoma yalitaja plamu kavu, tini, zabibu kavu na karameli. Plamu sijawahi kuitia kinywani. Nikinusa bia kwa tunda nisilolijua, sijanusa, nimenukuu. Nikafumba macho, nikajaribu kuanza upya: tende, zile laini zinazojaa sokoni mwezi wa Ramadhani, sukari guru iliyoyeyushwa mpaka ikakaribia kuungua, kwa mbali, karafuu. Nilikuwa nimeanza kujivuna wakati babu alipoinua pua kutoka kwenye kikombe chake.

"Wametia ndizi," akasema.

Nikamwambia hawakutia. Nikamsomea lebo: maji, kimea cha shayiri, ngano, sukari, chachu, hopsi.

"Basi wamekudanganya, mjukuu wangu."

Nilicheka, kisha nikaenda kusoma, na kicheko kikaniishia. Chachu za bia za Kibelgiji, zinapochachua kwenye joto, hutengeneza kemikali ileile inayolipa tunda la ndizi harufu yake. Baadhi hutoa na harufu inayofanana na ya karafuu. Ndizi haimo katika chombo cha kupikia, ila imo katika glasi. Mzee aliyekunywa kasiksi kwa miaka sitini hakuhitaji maabara, wala hakuwa na haya ya kutaja tunda la shambani kwake mbele ya bia ya Ulaya. Haya ilikuwa yangu. Mimi pia nilikuwa nimeisikia ile ndizi, na nikaipita nikitafuta kitu chenye heshima zaidi.

Kwa wasomaji wasiotoka kwetu: kasiksi ni pombe ya ndizi. Ndizi huivishwa kwa kufunikwa kwenye shimo lenye joto, hukamuliwa kwa majani, na maji yake matamu huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha huachwa yachache siku mbili tatu. Ni nzito, ina mashapo, hainyweki ikiwa ya baridi. Hebu isome sentensi hiyo tena ukiifikiria chupa ya Scourmont. Tofauti kubwa ni muda. Kasiksi ina umri wa maua, baada ya siku chache imekuwa siki. Ile ya wamonaki huhesabiwa kwa miaka.

Kinywani, neno lililonisumbua ni "kali". Tunalitumia kwa pilipili, kwa siki, kwa konyagi, kwa jua, kwa mbwa na kwa mwalimu. Katika glasi hii nilipata ukali wa aina tatu, na nikilitumia neno hilo moja kwa zote nitakuwa nimempa mwenzangu ushindi. Wa kwanza ni mchomo wa gesi kwenye ncha ya ulimi, mwepesi, hupita. Wa pili ni wa kiungo, karibu na pilipili manga, unakaa pembeni mwa ulimi. Wa tatu ni moto wa kilevi, ambao haugusi ulimi hata kidogo. Unaukuta kifuani umeshafika. Mchomo, kiungo, moto. Maneno yalikuwepo muda wote, mimi ndiye niliyekuwa mvivu.

Utamu ulinishinda kwa muda mrefu zaidi. Rafiki yangu wa darasani, Mwislamu kutoka Kasongo, alikuwa amekaa mbali na meza na chai yake; alikuja kusaidia maneno tu, na alituambia hivyo alipoingia. Nilimweleza kwamba utamu upo, lakini si wa sukari iliyomwagwa juu, ni kama umeingia mpaka ndani na hauwezi kutenganishwa na rangi wala uzito. Akaangalia kikombe chake.

"Imekolea," akasema.

Ndilo hasa. Chai hukolea, mchuzi hukolea chumvi, kitambaa hukolea rangi. Katika Kifaransa changu sijui neno moja linalobeba yote hayo. Na alilitoa mtu ambaye hakuonja tone, jambo ambalo wanaosema uhakiki ni kazi ya walevi wa vitabu wanaweza kulitafakari kwa wakati wao.

Nisisifu tu. Kadiri bia ilivyopata joto, harufu yake ilikua na ladha yake ikapungua. Gesi ikishatoka, utamu hubaki peke yake na huchosha. Theluthi ya mwisho ya glasi niliimaliza kwa adabu kuliko kwa hamu. Uchungu wa hopsi, ambao ungeweza kuusimamisha utamu huo, uko nyuma sana, na ule ukakasi mdogo wa mwisho, kama wa ganda la mpera, unakuja umechelewa. Kuna jambo jingine. Wanaoiandikia bia hii hupenda kuisifu kwamba inaficha kilevi chake. Mimi naliona hilo kuwa kasoro, si sifa. Kinywaji cha asilimia 9 kinachojifanya cha 5 hakisemi kweli kwa mnywaji. Niliposema hivyo babu alinikumbusha kwamba kasiksi nayo ni mwongo mkubwa, na kwamba yeye aliwahi kulala shambani kwa sababu yake. Nimeuacha uamuzi wangu kama ulivyo, pamoja na pingamizi la mzee.

Tulikuwa tumefika nusu ya chupa shangazi alipoligeuza lebo kwenye mwanga.

"Baba, Scourmont hawa ndio waliowatuma wale wa Mokoto."

Sikuwa nikijua. Ni kweli: monasteri ya Mokoto, huko Masisi, ilianzishwa mwaka 1954 na wamonaki waliotoka Scourmont. Babu ni mtu wa Masisi. Alipokuwa kijana alipeleka maharage kwenye nyumba ile. Mwezi wa Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia hapo kujificha walishambuliwa na wengi wakauawa, na wamonaki wakaondoka. Babu alikuwa ameshahama wakati huo. Hakusema neno juu ya hayo. Aliuliza tu kama kule Ubelgiji bado wanapiga kengele kabla hakujapambazuka.

"Sijawahi kufika, Baba," shangazi akajibu. "Bia hii naipata dukani."

Babu akanywa tena. Akakaa. Kisha akasema, "Ni chungu."

Mwenzangu yule yule aliyesema Kiswahili hakina ulimi alisoma rasimu yangu na kunishauri niiondoe sehemu hii. Hoja yake ni nzuri: Mokoto haimo ndani ya chupa. Mhakiki aseme kilichomo, asimletee msomaji historia ya mezani. Tulifundishwa hivyo mwaka wa kwanza kuhusu mashairi, na mimi niliiandika kanuni hiyo kwenye daftari nikaipigia mstari. Lakini mlolongo ulikuwa huu: kabla hajajua, babu alisema ndizi; baada ya kujua, alisema chungu. Bia ilikuwa ileile, kikombe kilekile, pengo kati ya kauli mbili halikufika robo saa. Nikimwita shahidi wangu kwa kauli ya kwanza na kumfukuza kwa ya pili, nitakuwa nimechagua ushahidi.

Na sijui alimaanisha nini. Huenda ni hopsi: mtu anayeishi kwa kasiksi na chai ya sukari nyingi huweza kuuona uchungu ambao mimi nimeuona mdogo. Huenda ni mashapo, kwa sababu alikuwa amefika chini ya kikombe, na chachu iliyotulia ina uchungu wake. Huenda ni Mokoto. Mwenzangu alihesabu maneno manne ya ladha akaona ni machache, lakini hakuhesabu kazi ambazo kila neno linafanya. Mtu akisema amer kwa Kifaransa, nami najua lile tu la ulimi, nitamuuliza ni hopsi gani. Babu aliposema chungu, hakuna mtu mezani aliyemuuliza chochote. Rafiki yangu wa Kasongo alimmiminia chai.

Alama, kwa kuwa kazi ilidai alama: 15 kwa 20. Rangi na harufu ningezipa zaidi, theluthi ya mwisho ya glasi ndiyo iliyoshusha. Kwa bei ambayo shangazi alinitajia, kwa fedha ya Ulaya, nisingeinunua mara mbili kwa mwezi hata kama ningekuwa na mshahara. Ni bia ya kunywa watatu, chupa moja, mkiwa na kitu cha chumvi. Sisi tulikuwa na kipande cha jibini la Masisi, na nasikitika sikuliandika mapema, kwa sababu liliusimamisha ule utamu kuliko hopsi zote za Scourmont. Wamonaki nao hutengeneza jibini lao. Nadhani walikuwa wameshaligundua tatizo.

Chupa ya pili iko chini ya kitanda changu. Bia hii ikihifadhiwa mahali pa giza na baridi hudumu miaka mingi. Gesi yake hupoa, utamu wake hugeuka na kuelekea ule wa mvinyo mzito. Nilimweleza babu mpango wangu: tuiache miaka mitano, kisha tuifungue na kulinganisha na haya niliyoyaandika, maana uhakiki mzuri hurudia andiko lake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka mitano," akasema. "Jumapili."