Mchuzi wa Chooko Huanza Juzi Usiku

Mchuzi wa chooko wa nazi ni chakula cha kawaida Pemba, na lawama yake inajulikana: chooko kavu hukaa jikoni karibu dakika 40, kuni zinateketea. Wanaohimiza kuziotesha kwanza husifia vitamini. Naona sifa hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Ubora wa kuotesha ni kwamba kazi inaondolewa kwenye moto na kukabidhiwa maji na joto la kisiwa, ambalo halinunuliwi. Chooko zilizorowekwa juzi usiku, asubuhi ya jana zimevimba na ganda la kijani limeanza kupasuka. Maji yale humwagwa, zikasuuzwa, zikaachwa kwenye chungio chini ya kitambaa kibichi, kisha zikasuuzwa tena jioni na alfajiri. Pemba iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, hivyo baridi inayochelewesha mbegu kwingine haipo. Leo mchana mkia mweupe umeshatoka, mfupi kuliko chooko yenyewe. Hapo ndipo pa kusimama. Vimeng'enya vya mbegu vimeshaanza kumegua wanga na protini, na dakika 10 hadi 15 ndani ya tui jepesi, pamoja na kitunguu, thomu, tungule na bizari, zinatosha. Tui zito huingia mwisho. Zikiachwa siku mbili zaidi, mbegu hula akiba yake, na mchuzi unakosa ule uzito wa kushika wali.

Atauliza mtu: kwa nini tusiroweke tu? Kuroweka peke yake hupunguza muda wa moto, ni kweli. Lakini kuna jambo la pili, na kwa Pemba ni zito. Mbegu kavu hufungia madini yake ya chuma kwenye asidi ya faitiki, ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuivunja vizuri. Mbegu inapoota, huamsha kimeng'enya cha kuivunja, kwa kuwa mche nao unahitaji madini hayo. Kisiwa hiki kinajua gharama ya kutafuta chuma kwa njia ya mkato. Mwaka 2002 ulianza hapa utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo vidonge vya chuma na foliki; Agosti 2003 vidonge hivyo vilisitishwa, kwa sababu watoto waliovipata walilazwa hospitali na kufariki zaidi ya wenzao, malaria ikiwa imeenea. Matokeo yalichapishwa 2006 yakabadili mawazo duniani kote. Sisemi chooko zinatibu upungufu wa damu. Minyoo na malaria vina sehemu yao, na mtoto mgonjwa ni wa kupelekwa hospitali. Nasema chuma kilichomo tayari kwenye sufuria kisipotee bure.

Pingamizi la usafi ndilo lenye nguvu zaidi. Joto na unyevu vinavyootesha chooko huzalisha pia bakteria. Mwaka 2011 machipukizi ya uwatu yaliyoliwa mabichi yaliua watu zaidi ya 50, wengi wao Ujerumani. Ndiyo maana natetea mchuzi, sitetei saladi: chooko zichemke hasa, na zikinuka uchachu zitupwe. Anayetaka kuhamishia njia hii kwenye kunde hatapata shida. Maharage mekundu ni habari nyingine, kwani sumu yake haiondolewi na kuota. Huchemshwa kwa nguvu dakika 10 au zaidi hadi yaive kabisa, hata yakiwa yameota. Na wanaosema moto unaua vitamini C iliyopatikana kwa kuotesha wana haki kwa sehemu kubwa, ila jibu liko kwenye meza ya kila nyumba: ndimu, inayokamuliwa sufuria ikishateremshwa, ambayo asidi yake pamoja na vitamini C husaidia chuma kile kunyonywa.