Vituo vya Njia ya Bara katika Maelezo ya Miji ya Ulaya

Mwaka 1901 Carl Velten alipiga chapa mjini Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani ya jalada lake zimo safari mbili ambazo mara nyingi husomwa mbalimbali, kana kwamba hazijuani. Moja ni ya Sleman bin Mwenye Chande, aliyetoka pwani akaingia bara hata upande wa Ziwa Tanganyika. Nyingine ni ya Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, kwenda Urusi na Siberia. Ile ya kwanza hutumiwa na wanahistoria watafutao habari za wapagazi na hongo. Hii ya pili husifiwa kwa ugeni wake: Mswahili katika Petersburg, Mswahili katika theluji. Sifa hiyo si ya uongo, lakini ni sifa ya tukio tu, na uandishi wenyewe bado haujapimwa.

Ukizisoma pamoja, jambo moja ladhihirika. Namna ya kueleza ni ile ile. Mwandishi huhesabu siku na vituo. Hutaja chakula kipatikanacho na kisichopatikana. Husema wenyeji walivyowapokea wageni, na mwendo ukoje baina ya kambi na kambi. Utaratibu huo haukuzaliwa Ulaya. Ulifunzwa katika njia za misafara, kutoka Bagamoyo hata Tabora, na kutoka Tabora kuendelea magharibi au kusini-magharibi. Tawi moja la njia hizo lilipita Ugalla na Ukonongo kuelekea Karema, yaani katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi. Katika njia hiyo kusahau palipo na maji ni kufa, na kusahau kiasi cha hongo ni kugombana na mtemi. (Hongo siku zile ilikuwa ushuru halali wa kupita, maana ya rushwa, iliyo mashuhuri leo, imekuja kulifunika neno hilo, hata msomaji kijana huwadhania watemi wa zamani kuwa wala rushwa.)

Basi Selim alipopanda gari la moshi kutoka Berlin alikuwa na kipimo mkononi. Swali la mhakiki ni hili: kipimo hicho kilifaa wapi, na wapi kilishindwa?

Kilishindwa mjini. Mji mkubwa wa Ulaya hauna kambi wala mtemi wa kuombwa njia. Maji yake hutoka ukutani. Kirangozi aliyezoea kuhesabu vituo hana la kuhesabu ila majumba, na majumba yakihesabiwa huwa orodha. Tena Selim hakuwa mtembezi huru. Alikuwa mtumishi. Saa ya kutoka na mahali pa kwenda vilikuwa katika hiari ya mwingine, naye aliona kile kilichopitiwa na bwana wake. Pamoja na hayo, habari yake imeitwa "safari yangu". Kiambishi hicho cha umilikaji kina uzito kuliko ukubwa wake, kwa kuwa mtu asiyemiliki nauli wala ratiba anamiliki masimulizi.

Lakini kule nyikani, miongoni mwa Wakalmiki, kalamu yapata nguvu. Hapo pana mahema, pana mifugo, pana wenyeji wa kukutana nao uso kwa uso, na desturi za kula na kunywa za kulinganisha. Kipimo cha njia ya bara kinafanya kazi tena. Mahali pengi mtazamaji mwenyewe ndiye aliyekuwa ajabu ya kutazamwa, maana watu hawakuwahi kumwona mtu mweusi, na kurasa hizo ndizo zilizo na uhai zaidi katika habari nzima.

Hapo ndipo penye jambo zito ambalo sifa za kawaida hulipita. Selim awahukumu Wakalmiki kama vile mwungwana wa pwani alivyozoea kuwahukumu watu wa bara. Mgawanyo wa ustaarabu na ushenzi, ambao pwani iliutumia juu ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe, umebebwa mzima mzima ukawekwa juu ya watu wa Siberia. Msomaji wa Unguja aweza kucheka pamoja na Selim. Msomaji wa Mpanda au wa Inyonga hana nafasi hiyo. Njia iliyomfundisha Selim kupima ilipita katika nchi yake, na waliopimwa mwanzo walikuwa babu zake. Akisoma habari ya Siberia, lazima ajitambue katika Wakalmiki kabla ya kujitambua katika msafiri. Uhakiki wa fasihi ya safari ya Kiswahili hauwezi kukamilika mpaka msomaji huyo naye ahesabiwe, kwani mpaka sasa umeandikwa kana kwamba wasomaji wote wameketi barazani pwani.

Nchi hiyo ya Katavi yenyewe imeandikwa na nani? Baina ya Septemba na Novemba 1871 Stanley aliizungukia, akipita Ukonongo ili kuikwepa vita ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, hata akafika Ujiji. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata. Wapagazi na askari wengi aliofuatana nao walisema Kiswahili kila siku ya safari ile, wakataja kila mto na kila kijiji. Maandiko yaliyotoka humo ni ya Kiingereza. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema, na mwaka 1885 kikapewa Mapadre Weupe. Tangu hapo ukawapo wino mwingi kando ya ziwa, nao kwa sehemu kubwa ulikuwa wino wa Kifaransa.

Hata hivyo Karema alikuwapo mtu mmoja aliyeweza kuzikutanisha pande zote mbili. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Mto Niger, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akapelekwa kusomea utabibu Malta katika chuo cha Kardinali Lavigerie. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu na kufundisha dini huko hata kufa kwake mwaka 1956. Habari ya maisha yake ilichapishwa mwaka 1946 katika toleo la 21 la Tanganyika Notes and Records, jarida la Kiingereza. Huyu hakuwa mgeni wa siku tatu Ulaya, wala Karema hakuwa mgeni wa siku tatu. Alikuwa na vipimo viwili, na hakuna hata kimoja alichokiazima kwa mwungwana wa pwani. Kwa sababu hiyo ushahidi wake wafaa kusomwa kando ya ule wa Selim, na wafaa kusomwa kwa lugha aliyoisikia kila siku katika zahanati yake.

Martin Kayamba ni habari nyingine. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia na Lwamgira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya muungano wa nchi za Afrika ya Mashariki, na kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilitoka mwaka 1932. Katika jina hilo "yangu" ya Selim imekuwa "tu-", na kuona kumetangulia kufanya. Wako watakaosema kwamba kwa mashahidi walioitwa kwa kazi, kufanya kungetangulia. Lakini Kayamba alijua wasomaji wake: karani na mwalimu wa shule aliyenunua kitabu alitaka kwanza kuonyeshwa mji. Tangu hapo maelezo ya Ulaya katika Kiswahili yameendelea kuonyesha zaidi kuliko kupima.

Msafiri wa siku hizi, aendaye peke yake kuona mji wa Ulaya kwa siku mbili au tatu, hana bwana wa kumfuata wala wenzake wa kusema "tu-" pamoja nao. Yadhaniwa kuwa huyu ndiye mtazamaji huru wa kwanza. Mara nyingi sivyo, kwa kuwa kitabu cha mwongozo kimekikalia kiti cha Bumiller: chaamuru kanisa gani, daraja gani, saa ngapi. Neno lenyewe "kutalii" lina asili ya Kiarabu, katika mzizi uhusikao na kuchomoza kwa jua na, katika umbo jingine, na kusoma kwa makini. Lakini maelezo mengi ya watalii yana kuchomoza tu. Huanza ndege ikiruka. Nyumbani hapatajwi, na pasipotajwa nyumbani hakuna cha kulinganisha.

Mtu wa Mpanda hana udhuru huo. Mji wake ni mwisho wa reli, tawi la yapata kilomita 210 kutoka Kaliua, lililofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi. Machimbo yakafungwa mwaka 1960, na reli ikabaki kuwa ya watu na mizigo yao. Aingiapo katika stesheni kuu ya mji wa Ulaya, anayo stesheni ya kuipimia. Anajua treni ichelewayo hupangaje maisha ya soko, na mji uliozaliwa kwa madini huishije madini yakiisha. Maswali hayo, akiyauliza mbele ya majumba yale yale yaliyoorodheshwa na wote waliomtangulia, yatamwonyesha mambo ambayo mwongozo haukuyaandika.

Kwa sasa kazi iliyo karibu zaidi ni ya wafasiri. Harries aliyarudisha maandiko ya Velten mikononi mwa wasomaji mwaka 1965, Kiswahili na Kiingereza pamoja. Habari ya Atiman yastahili kutendewa hivyo hivyo, na mfasiri wake ataanza na shida ya msamiati: dawa na maradhi yaliyotajwa yapewe majina ya hospitali ya leo, au yale ambayo wagonjwa wa Karema waliyatamka kwa Kibende na Kifipa walipomjia.